Toba ya Mzee Njagi na Mwanamke Ambaye Si Bibi Yake

Binti aliyechukua nafasi yangu anaitwa Purity, na siku ya makabidhiano aliniuliza swali moja tu: "Madam, hizi dhambi ziko kwa Excel?"

Nikamwambia hapana, ziko kabatini, rafu ya chini, nyuma ya kopo la rangi. Akafungua, akatoa daftari la kwanza kati ya tisa, akapiga chafya. Hapo ndipo nilipoona heri niandike kidogo kuhusu kazi hii, kwa ajili yake na ya makarani wengine wa parokia wanaoanza sasa. Mafunzo mnayopewa ni ya risiti na barua pepe. Hakuna anayewaambia kwamba siku moja mtaletewa mzee wa miaka sabini na nane, kofia mkononi, na mtakiwe kumtafutia dhambi.

Nimekuwa karani wa kanisa miaka thelathini na miwili, kwanza Kibirichia, upande wa Meru nilikozaliwa, kisha parokia moja karibu na Karurumo, huku Embu. Habari za vyeo naziacha kwa sababu havikuwapo. Habari za mshahara naziacha kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa yule asiyetujua, kanisa letu lina utaratibu wake. Mshiriki akionekana ametenda kosa la wazi, baraza la wazee humweka chini ya nidhamu. Haendi kwenye Meza ya Bwana, na huketi benchi la nyuma. Akitaka kurudi, husimama Jumapili mbele ya watu wote, akalitaja kosa lake kwa kinywa chake na kuomba msamaha. Akianguka tena kabla ya kurudishwa, anaanza upya, miezi mitatu. Kazi ya karani ni kuandika: jina, kosa, siku ya kutengwa, siku ya kutubu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Karani Mwiti, mtu mwembamba aliyevaa koti moja la kijivu mwaka mzima, na Kibirichia kuna baridi ya kuua kuku. Siku ya kwanza alinipa penseli sita na wembe, akaniambia nizichonge.

"Dhambi tunaandika na penseli," akasema. "Toba ndiyo tunaandika na wino."

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu ya raba," akasema, akarudi kwenye chai yake. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya theolojia kwa mwezi wa kwanza.

Jumapili yangu ya kwanza alisimama mkulima mmoja wa viazi, akatubu kwamba alikuwa akiwadanganya madalali wa soko la Makutano. Hakuishia hapo. Alieleza jinsi anavyopanga viazi vikubwa pembeni mwa gunia, katikati anasimamisha bomba pana la plastiki, anajaza humo vile vidogo na vilivyooza, kisha analivuta bomba taratibu huku akitikisa gunia, ili mtu akipasua ubavuni asione kitu. Alionyesha kwa mikono. Alilia kweli, na watu wakalia naye, na wengine niliwaona wameinama wakiandika nyuma ya bahasha za sadaka. Kufikia Alhamisi madalali walikuwa wamemtuma mtu kwa mchungaji kuuliza ni nini kimetokea Kibirichia. Mwiti alibandika karatasi ukutani: Taja kosa. Usifundishe.

Halafu kulikuwa na Kirimi, aliyependa kutubu kama wengine wanavyopenda mpira. Kila baada ya miezi michache alikuja na kosa jipya, akaketi benchi la nyuma kwa unyenyekevu wa kupendeza, akasimama, akalia, akakumbatiwa. Mwaka mmoja akatubu kuiba bata mzinga wa jirani. Jirani akasimama papo hapo.

"Mimi sijawahi kuwa na bata mzinga," akasema.

Baraza lilikaa masaa matatu. Mwishowe Kirimi aliwekwa chini ya nidhamu kwa kusema uongo, naye akafurahi mno, akasema hii sasa ndiyo dhambi yake ya kwanza ya kweli. Lakini siku ya kuitubu aliitubu vibaya. Alisema kwa sauti ndogo, bila chozi, akitazama viatu vyake, na hakungoja kukumbatiwa. Mwiti aliandika kwa wino, akaninong'oneza, "Hii ndiyo ya kwanza nimeamini."

Mwiti alikuwa akisema kwamba kutubu ni kugeuka, na kwamba ubaya wa kazi yetu ni kuwa daftari halina macho ya kuona miguu ya watu. "Sisi tunaandika yenye mtu amesema," aliniambia. "Kama amegeuka, itaonekana wiki ijayo akitembea." Nilidhani ananichosha tu. Nilikuwa na umri wa Purity, na niliamini kwamba safu zikijaa zote nne, mtu amekuwa safi.

Mume wangu alipofariki niliomba kuhama, nikapewa parokia hii ya Embu pamoja na nyumba ya vyumba viwili ndani ya ua wa kanisa. Mimi ni Mmeru na wao ni Waembu. Lugha zetu ni jirani, lakini mambo mazito tuliyaongea kwa Kiswahili, ili kila mtu aumie sawa. Hapa nilimkuta Mzee Nyaga, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, mwalimu mkuu mstaafu. Ni mtu mwaminifu kabisa, sijawahi kumwona akipindisha neno. Shida yake ni kwamba hawezi kuona mstari mtupu bila kutaka kitu kiandikwe juu yake.

Mambo yalibadilika simu zilipoingia. Mama mmoja wa kwaya alituma toba ya sauti kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Alitubu kusengenya. Toba ilikuwa ya dakika nne, na tatu na nusu zilikuwa masengenyo yenyewe, kwa mpangilio, pamoja na majina. Kisha akaogopa, akaifuta kwa wote. Wazee wakaketi kuamua kama toba iliyofutwa ni toba. Nyaga alisema imefutwa, kwa hivyo haipo. Mzee mwingine akasema yeye ameisikiliza mara mbili. Niliandika "Imesikika", na kwa siku mbili simu yangu haikupumzika, watu wakiuliza kama bado ninayo.

Nawaambia haya ili mjue nilikuwa nimeona mengi. Nilidhani hakuna dhambi iliyobaki ya kunishangaza, na ni kweli, maana kilichonishangaza hakikuwa dhambi.

Tuliletewa mchungaji kijana, mwenye bidii, aliyekuwa amesomea toba miaka minne chuoni na bado hajapata pa kuitumia. Alipitia madaftari akagundua kwamba nusu ya parokia imeoana kimila tu. Akatangaza harusi ya pamoja, Jumamosi moja, jozi kumi na moja. Kila jozi ingetubu kwanza kosa la kuishi pamoja bila ndoa takatifu, ifungishwe ndoa, na kesho yake ije kwenye Meza ya Bwana.

Jozi ya mwisho kwenye orodha ilikuwa Mzee Njagi na Wambeti. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka hamsini. Mbuzi wa mahari walikwisha kuliwa hata waliowala wengi wao wamekwisha kuzikwa. Walikuwa na watoto, wajukuu, na kahawa kidogo inayoshuka mpaka mtoni. Wambeti ndiye aliyefua vitambaa vya Meza ya Bwana na kuosha vile vikombe vidogo kila mwezi, tangu kabla sijafika. Hakuwa amewahi kukinywea hata kimoja. Mchungaji alipotangaza ile harusi, mama huyo aliniijia ofisini na mikono yenye povu, akaniambia, "Karani, andika jina letu vizuri. Nataka nikunywe kabla sijakufa."

Mzee Njagi alikuja kesho yake. Nikamsomea fomu: "Mimi, nukta nukta, ninatubu na kujuta kuishi na mwanamke nje ya ndoa takatifu."

"Soma tena hapo kwa kujuta," akasema.

Nikasoma tena.

"Nijute aje? Karani, mimi nilitafuta huyu mama miezi mbili, nikitembea na miguu kutoka hapa mpaka Ishiara. Kama kuna kitu sijawahi kujuta kwa hii maisha ni hiyo."

"Ni maneno tu, Mzee."

"Kama ni maneno tu, si uyaseme wewe?"

Watu wote niliowahi kuwaona wakikataa kutubu walikataa kwa sababu walisema hawakutenda. Huyu alitenda, akakubali, na alikuwa radhi kurudia. Na toba bila majuto ni uongo, na uongo mbele ya kanisa una mstari wake mwenyewe kwenye daftari, tumuulize Kirimi.

Nyaga akapata suluhisho, na hapo ndipo tulipokosea. Alisema kutubu ni kuacha dhambi. Ikiwa mzee hawezi kuijuta, basi angalau aiache. Waachane wiki nne, wakae mbalimbali, ndipo siku ya harusi wawe wanaoana kweli. Mchungaji akasema kanuni inaruhusu, tena jozi nyingine kumi zimekwisha kufanya hivyo, mabinti wamerudi kwa wazazi wao. Wazazi wa Wambeti walikuwa kaburini, na wanawe wote wamejenga ndani ya boma lile lile la Njagi. Macho ya baraza zima yakanigeukia mimi na chumba changu cha pili. Nikaandika: Wambeti kukaa kwa Karani. Njagi asivuke lango.

Wambeti alikuja na kiondo cha nguo, jembe, na kuku mmoja ambaye alisema hawezi kumwachia Njagi kwa sababu atasahau kama yuko. Siku mbili za kwanza aliamka saa kumi na moja alfajiri, akafagia ua wa kanisa, akalima bustani yangu ya sukuma wiki mara mbili. Siku ya tatu alilala mpaka saa mbili. Nilidhani amekufa, nikaenda kumtikisa. Akafungua macho, akauliza nani amekamua. Nikamwambia mimi sina ng'ombe. Alikaa kitandani kwa muda mrefu akilifikiria jambo hilo.

Simu ya Njagi ilianza siku hiyo hiyo.

"Karani, uliza huyo mwanamke ambaye si bibi yangu, chumvi iko wapi."

Nikauliza. "Kwa kopo ya majani ya chai," akasema Wambeti.

"Na majani iko wapi?"

"Kwa kopo ya chumvi."

Alipiga simu mara tano kwa siku. Sufuria gani ni ya uji? Ng'ombe anakataa kusimama, huwa anaambiwa nini? Githeri, mahindi na maharagwe yake, inalowekwa au inachemshwa tu hivyo hivyo? Nyaga alisikia, akaitisha kikao kuamua kama mazungumzo ya chumvi ni kuendelea na dhambi. Tulikaa mchana kutwa. Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe: Maswali ya jikoni ruhusa, kupitia mtu wa tatu. Mengine hapana.

Njagi alipoona simu inamla pesa, akaanza kuja mwenyewe mpaka langoni. Nyaga alileta kiti akaketi katikati, mgongo wima, Njagi upande wa barabara, Wambeti upande wa ua akichambua mboga.

"Muulize kama anakula," alisema Njagi.

"Hilo si la jikoni," akajibu Nyaga.

"Kula si ya jikoni?"

Nyaga alifikiri, kisha akageuka. "Mama, anauliza kama unakula."

"Mwambie nakula chakula chenye sijapika," akasema Wambeti, na akacheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwake.

Wiki ya tatu tulikuwa mimi naye mchana, tunachagua maharagwe kwenye ungo. Harusi ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Gauni lilikuwa limeshonwa, limetundikwa mlangoni, likituangalia.

"Karani," akasema, "mimi siendi hiyo harusi. Na nyumbani sirudi."

"Mama, kwani nini? Si umengojea Meza miaka yote hii?"

"Nimengoja. Lakini hapa kwako nimelala. Nikilala ndio nimekumbuka kitu yenye imenichosha."

Akanieleza, bila kuacha kuchagua maharagwe. Mtoto wao wa tatu alikuwa msichana, jina lake Rwamba, akaishi siku tisa. Alipokufa, Wambeti mwenyewe alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama. Njagi alimfunga mtoto kwa leso, akaenda naye peke yake kwenye kahawa, akarudi na udongo miguuni, akasema, "Imeisha." Tangu siku hiyo hakutaja jina lile tena, wala hakumwonyesha mahali.

"Nimevuna hiyo kahawa miaka arobaini na tano," Wambeti aliniambia. "Kila mstari nauliza, ni hapa? Nakanyaga polepole kila mahali, shamba yote, kwa sababu sijui."

"Hujawahi kumuuliza?"

"Mara moja. Akasema ninyamaze, redio iko na habari."

Nililia juu ya maharagwe yale, mtu mzima kama mimi, na sioni haya kuliandika. Kisha ukarani ukanirudia, nikamwambia nitaenda kumweleza Njagi mwenyewe, leo leo, jambo liishe.

"Ukimwambia, itakuwa toba yako," akasema. "Wacha aitafute. Akiipata, nitarudi. Asipoipata, nitaosha vikombe kama kawaida."

Ikabidi nimwambie mchungaji kwamba bibi harusi amekataa mpaka bwana harusi atubu. Mchungaji alifurahi. "Si ndivyo tulivyosema tangu mwanzo?"

"Si dhambi hiyo, Mchungaji."

"Ni ipi?"

"Siruhusiwi kusema."

"Na kwa fomu tutaandika nini?" akauliza Nyaga. Nikamwambia tuache nafasi wazi. Aliitazama ile nafasi kana kwamba kuna nyoka ndani.

Kwa Njagi nilienda mwenyewe langoni, Nyaga akiwa kitini pake. Nilimwambia: Wambeti harudi mpaka utubu kosa unalolijua.

"Kosa gani?"

"Unalijua, Mzee."

"Karani, mimi nimefanya mengi."

"Basi una pa kuanzia," nikasema, kwa ukali ambao ulinishangaza mwenyewe. Aliondoka pole pole, na wiki ile hakupiga simu hata moja. Niliogopa. Niliogopa kwamba kweli hajui, kwamba amesahau kama watu wanavyosahau, na kwamba mama yule atabaki kwenye chumba changu cha pili na kuku wake, na Jumapili ya Meza ataosha vikombe vya zile jozi kumi zilizooana. Mara mbili nilishika simu nimwambie, na mara mbili nikairudisha mezani.

Jumapili iliyotangulia harusi ikafika. Jozi kumi zilitubu kwa kusoma fomu, moja baada ya nyingine, bila kukwama. Kisha Njagi akasimama. Hakuwa na fomu. Alishika mgongo wa benchi lililo mbele yake, akamtazama Wambeti upande wa akina mama.

"Sikuwa najua chumvi iko wapi," akaanza. "Miaka hamsini nakula chumvi, sijui inakaa wapi. Hiyo natubu."

Watu walicheka, wazee wakasema Amina. Mchungaji akainuka kumpokea. Ndipo sauti ikatoka upande wa akina mama.

"Endelea," akasema Wambeti.

Mchungaji akaketi.

"Hii sikio ya kushoto si mbovu," akasema Njagi. "Nilianza kama mchezo, wakati wa kutumwa maji. Nikaona inasaidia. Kijana wetu mwenye anafanya kazi Nairobi akaninunulia ile mashine ya masikio, nikaiweka kwa droo. Nasikia kila kitu. Natubu."

Wanawe, waliokuwa wakimpigia kelele miaka kumi, waliangaliana.

"Endelea."

"Ile ndama yako, yenye ulilea na chupa. Haikuibiwa. Niliuza."

Mwanaume mmoja benchi la tatu, ambaye kijiji kizima kilikuwa kimemshuku kumwiba ndama huyo, aliruka juu akasema, "Mnaona sasa!" kisha akakumbuka yuko kanisani, akaketi.

"Endelea," akasema Wambeti. Sauti yake sasa ilikuwa imepungua.

Njagi akanyamaza. Nilikuwa mezani kwangu pembeni, kalamu mkononi, na nilijikuta nimefumba macho. Mtoto alikohoa, mtu akamnyamazisha.

"Rwamba," akasema.

Akina mama wazee wakashusha pumzi wote pamoja. Vijana hawakujua ni nani anayetajwa.

"Mstari wa nne ukitoka mtoni, karibu na ile jiwe kubwa. Mimi hapo siwekangi jembe. Napalilia na mkono. Nilifikiria nikikuonyesha, nitazika wawili. Halafu miaka ikapita, nikaona aibu, nikafanya kama sikii. Nikakuacha ukatembea shamba yote." Alivua kofia ambayo hakuwa ameivaa, mkono ukagusa kichwa kitupu. "Hiyo ndiyo najuta. Kuishi na wewe sijuti, hata mniandike. Hiyo ndiyo najuta, mama."

Wambeti hakusema endelea. Aliinuka, akachukua kiondo chake, akavuka katikati ya kanisa mpaka upande wa wanaume, akasimama mbele yake.

"Twende unionyeshe," akasema.

Wakatoka kwa mlango mkubwa, yeye mbele, Njagi nyuma, kabla hata sadaka haijakusanywa. Nyaga aliinuka nusu. "Mchungaji, hawa bado wiki moja..." Lakini mchungaji wetu alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja vyake, na kwaya ilikuwa imeanza kuimba bila mtu kuiambia. Wambeti hakurudi kwangu jioni ile wala siku nyingine. Kuku nilibaki naye mimi.

Jumatatu asubuhi Nyaga alikuwa ofisini kabla sijafungua dirisha.

"Wamelala nyumba moja," akasema.

"Umejuaje?"

"Nimepitia huko. Njagi ndiye alikuwa anapika uji. Nikapewa kikombe."

"Uji ulikuwaje?"

"Chumvi nyingi." Akavaa miwani yake. "Karani, mimi jana nililia. Usifikiri sina moyo. Lakini walikuwa chini ya nidhamu, na wamerudiana kabla ya ndoa. Kanuni ni kanuni. Tukiwaachia hawa, wale kumi watasema nini? Andika."

Alikuwa sawa, na alinitazama kwa macho ya mtu mnyofu. Nilijua nikiandika, itakuwa miezi mitatu upya. Hakutakuwa na Jumamosi kwa Wambeti, na Jumapili ataketi nyuma tena, na katika umri wao miezi mitatu si jambo la kuahidiana. Nikafungua daftari la tisa, nikainama, nikasogeza mkono juu ya ukurasa kwa muda unaotosha sentensi moja.

"Nimeandika," nikasema.

"Asante, nitaleta kwa baraza likikaa tena," akasema, akaenda zake. Baraza lilikuwa likikaa mwisho wa mwezi, na nilijua hivyo kama yeye.

Jumamosi walifungishwa ndoa, jozi ya kumi na moja. Walichelewa, na viatu vya wote wawili vilikuwa na udongo mwekundu. Jumapili Wambeti alikaa benchi la mbele, na kwa vile wazee hupokezana zamu, aliyebeba sinia la vikombe upande ule alikuwa Nyaga. Alifika mbele yake, akasita. Kisha akainama zaidi ya ilivyo kawaida, akamshikia sinia chini kabisa, mama asipate taabu ya kunyoosha mkono. Wambeti alikunywa kwa macho wazi. Ibada ilipokwisha akakunja mikono ya gauni akaosha vikombe vyote, na chake kikiwemo. Mwisho wa mwezi baraza lilipoketi, nilingoja Nyaga aniulize ule ukurasa. Aliuliza habari ya paa.

Kwa hivyo, Purity, ukifika kwenye daftari la tisa utakuta mahali pamerukwa, usidhani ni panya. Nilimdanganya mzee wa kanisa, nikiwa kazini, kalamu mkononi, juu ya daftari la toba. Utaratibu naujua kuliko mtu yeyote katika parokia hii: mtu asimame, ataje, ajute. Kusimama naweza, na kutaja nimekwisha kutaja hapa. Kujuta nimejaribu kila Jumapili tangu siku ile, na bado nimeshindwa.